Barua 31 kutoka Lamu: shajara ya kujifunza kusoma upesi

14 Septemba 2024

Maneno 118, dakika 13 na sekunde 20. Hicho ndicho kipimo cha kwanza: maneno tisa kwa dakika. Katika hayo 118, maneno 22 niliyasoma vibaya na 8 nikayaacha kwa kushindwa.

Niandike mradi wenyewe ni upi, nisije nikasahau nilikoanzia. Katika kasha la Shangazi, Kibokoni, Mji wa Kale, mna barua 31 alizoandika nduguye Babu, tunayemwita Ami, kutoka Lamu, za mwaka 1349 hadi 1356 wa Hijria, yaani tangu 1930 hadi 1937 hivi. Babu alikuwa hapa Mombasa akiuza boriti za mikoko, na nduguye yuko Lamu akizikusanya na kuzipakia jahazini. Barua zote ni za Kiswahili na zote zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Pamoja nazo mna daftari moja la hesabu, la mkono wa Babu mwenyewe. Nataka kuzisoma zote, tena kwa mwendo wa mtu anayesoma barua ya nduguye.

Mwendo ndio shida yangu. Kwa maneno tisa kwa dakika mtu hasomi, anahijai. Ukifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshakutoka kichwani, inabidi urudi, na ukirudi unapoteza ulipofika. Jambo la pili ni macho ya Shangazi. Ana miaka 81. Jicho la kulia lilipasuliwa mtoto wa jicho, la kushoto bado. Anaweza kuangalia karatasi asubuhi tu, karibu na dirisha, kama nusu saa, kisha machozi yanaanza kumtoka. Yeye ndiye wa mwisho katika nyumba yetu anayezisoma barua hizi kama mtu anayezungumza. Nikiwa mzito kiasi hiki, nusu saa yake yote inaishia kwenye salamu.

15 Septemba

Vipimo vya kulinganishia, nimevichukua leo usiku. Kiswahili cha herufi za Kizungu, habari ya gazeti nisiyoijua: maneno 164 kwa dakika, kimya kimya. Kurani: juzuu moja kwa dakika 38, kwa sauti ya chini, kama nisomavyo Ramadhani.

Hiki cha Kurani kimenifikirisha sana. Herufi ni zilezile. Nilikhitimu nikiwa na miaka 12, na jicho langu limeizoea alifu na bee kwa miaka zaidi ya thelathini. Kwa hiyo uzito wangu hautoki katika kutojua herufi. Unatoka wapi?

22 Septemba

Wiki ya kwanza nimejaribu mbinu za wale wanaofundisha kusoma haraka. Za Evelyn Wood, mwalimu wa Marekani aliyeanzisha kozi zake mwaka 1959, ndizo zilizoenea zaidi: pitisha kidole chini ya mstari, ongeza kasi ya kidole, usirudi nyuma, usitamke moyoni. Nimefanya hivyo siku sita kwa barua ya 2 na ya 3, nikipitisha kidole kutoka kuume kwenda kushoto.

Kasi ilipanda hadi 26. Shangazi aliponiuliza barua ya 3 inasema nini, nilijua kuna bei na kuna safari, basi. Bei ya nini, safari ya nani, sikujua. Nimeifuta ile 26. Kuanzia leo neno nililolikosea silihesabu, na barua nisiyoweza kuisimulia naiandikia sifuri.

Nilirudi kwenye mambo ya jicho lenyewe. Daktari wa macho wa Paris, Émile Javal, alieleza mwaka 1879 kwamba jicho la msomaji haliteremki na mstari kama maji kwenye mfereji. Linaruka, linatua, linaruka tena. Kila kituo huchukua kama robo ya sekunde. Sasa mimi, kwa hesabu ya tarehe 14, nilikuwa natumia karibu sekunde saba kwa neno moja. Jicho linahitaji chembe tu ya muda huo. Sekunde sita na zaidi zilikuwa zinaliwa kichwani, na kidole hakiwezi kuharakisha kichwa.

6 Oktoba

Wiki mbili za kuandika makosa yangu, kila kosa na sababu yake. Nanakili hapa moja tu, kwa sababu ndani yake mna karibu mradi mzima.

Barua ya 4, mstari wa sita. Wino umekuwa rangi ya chai, karatasi imekunjwa mara nne na kwenye mkunjo imechanika. Kuna neno hili: زُوبُ. Zee yenye dhumma, wau, kisha bee yenye dhumma. Dhumma ni *u* na pia ni *o*, kwani Kiarabu hakina alama ya kuzitenga. Bee kwa mkono wa Ami ni *b*, ni *p*, na ni *mb*, maana hati hii ya kale haiandiki ule mvumo wa pua unaotangulia. Basi neno hilo moja lina njia kumi na mbili: zubu, zubo, zobu, zobo, halafu rudia zote kwa *p*, halafu rudia zote kwa *mb*. Nilizipitia zote nimeshika kalamu. Hakuna hata moja niliyoitambua. Nikaweka alama ya kuuliza.

Shangazi aliinua karatasi dirishani. “Zombo,” akasema. “Zombo ziko yuu ya mtanga.”

Vyombo viko juu ya mchanga. Majahazi yamepandishwa pwani wakati kusi limechacha, yakalafatiwe na kupakwa deheni, kwa hiyo boriti hazitakuja mwezi ule. Ami anaandika Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu: *zombo* badala ya vyombo, *yuu* badala ya juu, *mtanga* badala ya mchanga. Mimi nilikuwa natafuta katika Kiswahili cha shule neno ambalo kwake halikuwako kamwe. Zombo ilikuwa mojawapo ya zile njia kumi na mbili, niliitamka kwa mdomo wangu mwenyewe, na nikaipita.

13 Oktoba

Nimeweka majedwali mawili ukutani juu ya meza. La kwanza ni la herufi zenye sura nyingi: bee kwa b, p, mb, fee kwa f na v, daali kwa d na nd, jimu kwa j na nj, ghaini kwa g, ng na ng'. La pili ni la Kiamu: *mato* macho, *moya* moja, *yeo* leo, *ndia* njia, *kuya* kuja, *mai* maji, *mtele* mchele. La pili limeshakuwa refu kuliko la kwanza.

Kasi: 12.

27 Oktoba

Nimepata mkono wa kushikia. Barua za wakati ule zilikuwa na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na yote miwili ni ileile. Zinaanza kwa Kiarabu, *ila janabi* na majina ya heshima, kisha *ama baadu*, kisha “nakuarifu”, kisha hali, “hali zetu njema wa al-hamdulillahi”, na hapo ndipo shauri lenyewe linapoanza. Mwisho ni *wa salaam*, na *katabahu* fulani *bi yadihi*, ameiandika kwa mkono wake. Hizi sehemu Ami huziandika mbiombio, mara nyingi bila irabu, herufi zimelaliana. Zilikuwa zikinichukua dakika nne. Sasa nazitambua kwa umbo, kama utambuavyo sahihi ya mtu.

Ili zikae, nimetumia njia ya kurudia. S. Jay Samuels, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, aliieleza mwaka 1979 kwa ajili ya watoto wanaosoma kwa kukwama: chukua kipande kifupi, kisome tena na tena mpaka kiteremke, ndipo uende kipande kingine. Nakumbuka chuoni maalim alitufanya vivyo hivyo, ubao mmoja siku tatu. Barua ya 5 nimeisoma mara tisa: 11, 16, 19, 25, 28, 33, 37, 41, 44. Hizo si kasi zangu za kweli, kwa kuwa mara ya tisa naikumbuka. Lakini barua ya 6, ambayo sikuwahi kuigusa, imetoka 17. Kitu kimevuka kutoka barua moja kwenda nyingine.

17 Novemba

Ndugu mmoja kazini aliniuliza kwa nini napima maneno, na Kiingereza wanasema watu husoma zaidi ya 200. Kipimo cha lugha moja hakifai kwa nyingine. Mwaka 2012 zilichapishwa hesabu za aya zilezile zilizoandaliwa kwa lugha 17, kila mtu akisoma kwa lugha yake: Kiingereza wastani wa maneno 228 kwa dakika, Kifini 161, Kiarabu 138. Haina maana kwamba Wafini ni wazito. Neno lao hubeba mzigo mkubwa, kama letu. “Nitakapomwandikia” ni neno moja kwetu; mwambie Mwingereza alitaje uone anatumia mangapi. Mimi najipima na mimi wa wiki iliyopita, kwa mkono wa mtu mmoja, kwa lugha moja. Hapo maneno yanatosha.

Kasi, barua ya 9: 21.

24 Novemba

Leo Shangazi alinisimamisha katikati ya mstari.

“Wewe wasoma nukta, mwanangu. Husomi neno. Wazihesabu nukta kana mtu ahesabuye tembe za mtele.”

Nikamuuliza nifanyeje. Akasema jua kwanza Ami ataka nini, kisha mato yatafuata.

Halafu akafanya jambo ambalo hatujawahi kulifanya. Alichukua barua ya 10, akaiangalia kidogo, akaiweka kwenye paja, akaanza kunisimulia ile barua pasipo kuisoma: Ami amepata korija arubaini za boriti kutoka visiwani, nahodha anadai nauli zaidi, na mke wake hajambo baada ya homa. (Korija ni ishirini, boriti, mazio na pau zote zilihesabiwa kwa korija.) Ndipo akanipa karatasi. “Haya, soma.”

Ilikuwa 39 bila kurudia, makosa matatu. Herufi hazikubadilika na jicho langu halikubadilika tangu asubuhi. Ila nilipofika kwenye bee, sikuuliza ni b au p au mb, kwa sababu katika mazungumzo ya nahodha na shehena kuna neno moja tu linaloweza kukaa pale.

Jioni nilisoma makala ya Keith Rayner na wenzake, ya mwaka 2016, waliopitia tafiti za miaka mingi juu ya kusoma kwa haraka. Wanasema kinachomzuia mtu asisome upesi zaidi ni kazi ya kuitambua lugha, kuliko mwendo wa macho, na kwamba njia ya kuaminika ni kuijua zaidi lugha ya unachokisoma. Nilifurahi kulikuta jambo hilo limeandikwa, lakini nilikuwa nimeshalisikia asubuhi Kibokoni.

8 Desemba

Utaratibu mpya wa wiki: Jumamosi Shangazi ananisimulia barua mbili, mimi nazisoma mbele yake. Siku za kazi, kwenye feri asubuhi, nasikiliza sauti yake niliyoirekodi kwenye simu huku jicho linafuata picha ya barua. Siliruhusu jicho ligande. Sauti ikienda, nalo liende. Nimegundua sauti yake inanifunza pia mahali pa kupumua, kwani Ami hatii nukta wala mkato, sentensi zimeungana kutoka bismillahi mpaka wasalaam.

Na jambo dogo lililonipa faida kubwa kuliko ukubwa wake. Ami huweka alifu, wau au yee kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, pale sauti inapokazwa: *watu* anaandika وَاتُ. Nilidhani anakosea urefu wa irabu, kwa kuwa Kurani imenizoesha kuvuta popote penye madi. Kumbe ni alama ya njia. Ukiona ile alifu, jua imebaki silabi moja na neno limekwisha. Katika mstari ambao maneno yameshikana, hilo peke yake linakuonyesha pa kukata. Nimepita barua za 11 hadi 14 nikitia penseli nyepesi juu ya nakala, kila penye silabi ya mkazo. Kuanzia ya 15 sihitaji tena penseli.

Kasi, barua ya 15, bila kusimuliwa: 31.

29 Desemba

Imekwama. 32, 30, 33, 31. Shangazi aliugua kifua wiki mbili, sikumsumbua. Nimerudia zile za zamani.

19 Januari 2025

Nimejaribu daftari la Babu, na limenishangaza.

Hati yake ni safi mara mbili ya hati ya nduguye. Babu alikuwa msomaji wa Sahifa, gazeti alilolianzisha Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui hapa Mombasa mwaka 1930 kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na Shangazi anasema ndiko alikoiga kuandika kwa uangalifu. P anaitia nukta tatu chini. Ch ameitenga na sh. Kwa herufi, daftari ni rahisi kuliko barua yoyote kati ya zile 31. Nilitegemea maneno 50.

Nilipata 19.

Ni majina ya watu, majina ya vyombo, tarakimu, vifupisho. “Kwa fulani, pau korija tatu, imebaki nusu.” Hakuna kisa kinachokuvuta kwenda mbele, kila mstari unaanza dunia upya. Nimekaa nikilitazama daftari hilo kwa heshima. Kazini kwangu, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, nasoma orodha za makontena siku nzima na macho yangu hayasiti, kwa sababu nawajua wenye mizigo, najua nani huleta matairi na nani huleta mitumba. Babu naye alikuwa akiwajua watu wake. Mimi siwajui. Ili nisome daftari hili upesi itanibidi kwanza niwafahamu, na hiyo ni kazi ya kumkalisha Shangazi na kumuuliza jina moja moja.

26 Januari

Jaribio la kadi. Nimekata kadibodi, nikatoboa dirisha dogo, nikaisogeza juu ya mstari. Mwaka 1981 watafiti walichunguza watu wa Israeli wanaosoma Kiebrania na Kiingereza, wakakuta kwamba katika Kiebrania jicho linavuna zaidi upande wa kushoto wa pale lilipotua, na mtu huyohuyo akisoma Kiingereza linavuna zaidi kulia. Jicho linatazama upande ambao maandishi yanakwenda. Nilitaka kujua kama langu limeshageuka katika Kiswahili hiki au linageuka katika Kurani tu.

Nilipoziba upande wa kushoto wa neno ninalolisoma, kasi ilianguka kutoka 36 hadi 22. Nilipoziba upande wa kulia, 35. Basi limegeuka. Naona, au nusu naona, neno linalokuja. Mwezi Septemba nisingekuwa na cha kuzibwa, kwani nilikuwa sioni zaidi ya herufi iliyo chini ya kidole.

9 Februari

Barua ya 22: 41. Ya 23: 40. Ya 24 ina tundu la mchwa katikati, kubwa kama kucha ya kidole gumba, na bado nimeisoma 34, na maneno matatu yaliyoliwa nimeyajaza mwenyewe. Shangazi amekubali mawili. La tatu anasema Ami asingelisema hivyo.

23 Februari

Ramadhani imebaki siku chache, nami nilijiwekea kumaliza kabla yake. Zimebaki barua mbili. Leo nimesoma ya 30.

Shangazi sasa hashiki karatasi kabisa. Jicho la kushoto limefunga ukungu, tarehe ya upasuaji ni baada ya Idi. Alikaa kwenye kitanda cha mwakisu, ameegemea mto, kanga kichwani, na mimi dirishani mahali pake. Hakunisimulia kwanza, barua za mwisho hazikumbuki, anasema huenda hakuwahi kuzisoma, maana babake aliziweka mbali.

Salamu zimepita kwa pumzi moja. Ami anasema boriti ziko tayari, zangojea kaskazi. Kisha hati yake inakuwa kubwa, mistari inapanda upande mmoja, irabu zinakaa mbali na herufi zake. Nikaendelea kusoma: *na mato yangu hayaoni usiku, na mtana naona kana moshi. Ndugu yangu, uniandikiapo andika kwa herufi kubwa, na wino mweusi.*

Nilifika mwisho wa sentensi pamoja na maana yake. Neno *mato*, lililonigharimu dakika nzima mwezi wa tisa, lilipita na mengine bila kujitokeza.

Shangazi alinyamaza. Akaniuliza tarehe. Nikamsomea, Rajabu, 1356. Akahesabu kwa vidole miaka mpaka mwaka aliozaliwa yeye, akasema, “Basi Babayo mkuu alijua.” Halafu akataka nirudie pale penye herufi kubwa, nikarudia, na akanisahihisha: nilisema *mtana* kwa kukaza mwanzo. Akalitamka yeye, laini. Nikalitamka tena mpaka akaridhika.

Kipimo cha leo: maneno 143, dakika 2 na sekunde 48, makosa mawili. Yanatoka 50.

Barua ya 31 nitaisoma Jumamosi. Daftari limebaki lote. Nimeanza kuandika orodha ya majina yaliyomo, ukurasa wa kwanza yako kumi na saba, na Shangazi amewatambua sita, mmoja wao kwa mjukuu wake anayeuza kahawa soko la Mackinnon.